Joto la kuni ndani ya nyumba: kutoka Karelia Kaskazini hadi Newala

Watu wanaoijua Mtwara kwa bahari yake, kwa Mikindani na Msimbati, hushangaa wanaposikia kwamba nyumba yetu ina jiko lililojengwa makusudi kupasha joto chumba cha kulala. Sisi hatukai pwani. Uwanda wa Makonde hupanda taratibu ukiiacha bahari hadi kufikia karibu mita 900 upande wake wa magharibi, na mji wa Newala umekaa pale ukingoni, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla, na mtu akisimama Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma limetandazwa chini yake hadi ng'ambo ya Msumbiji. Mwezi wa Juni na wa Julai, kusi inapovuma na kipupwe kikashika, upepo hupita kwenye uwanda huo bila kizuizi, hupenya chini ya bati na kwenye nafasi iliyoachwa wazi juu ya kuta, na alfajiri kipimajoto ninachokiweka chumbani kwa bibi huonyesha nyuzi 16, na siku nyingine 15. Kijana hujifunika shuka mbili akalala. Mzee wa miaka themanini na zaidi, mwenye maumivu ya magoti, huamka saa tisa za usiku na hapati tena usingizi.

Kwa sababu hiyo watu wa kwetu huingiza jiko la mkaa ndani, na mimi siwezi kuandika juu ya joto la nyumba bila kuanzia hapo. Nilipokuwa shule ya msingi, usiku mmoja wa Julai, bibi alilala na mdogo wangu katika chumba kilichofungwa dirisha, jiko la mkaa likiwa karibu na mlango. Mama alipokwenda kuwaamsha, bibi hakuweza kusimama, na mtoto alikuwa akitapika, kichwa kikimuuma, macho yakiwa hayamtambui mtu. Tuliwatoa nje, upepo ukawapiga, na kufikia adhuhuri walikuwa wamepata nafuu. Katika zahanati tuliyowapeleka walipewa dawa ya malaria, na mtaani yalisemwa mengine ambayo sitayarudia. Jiko lenyewe halikutajwa na mtu. Usiku uliofuata lilirudishwa chumbani, na kama mjomba asingetokea kulala kwetu akaliona na kulitoa kwa sababu tu alihofia neti ingeshika moto, sijui leo ningeandika nini.

Maelezo ya jambo hilo niliyapata baada ya miaka mingi, mbali sana na Newala. Nilipata nafasi ya kusoma misitu katika mji wa Joensuu, mashariki mwa Ufini, katika jimbo la Karelia Kaskazini. Jina la nchi hiyo halikuwa geni kwetu, kwani serikali yake ilifadhili miradi ya maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi tangu miaka ya 1970, na baadaye ikafadhili mpango wa maendeleo vijijini ambao wazee wengi wa huku bado wanaukumbuka kwa kifupi chake, RIPS. Nilipanga chumba katika nyumba ya mbao nje ya mji, kwa mama mmoja mjane aliyekuwa na umri wa bibi yangu, na kwa kuwa mgongo wake haukumruhusu tena kubeba mizigo, tulikubaliana kwamba sehemu ya kodi nitailipa kwa kazi ya kuni.

Katika chumba cha chini ya nyumba ile kulikuwa na tanuri la chuma lenye kimo cha kifua changu. Tumbo lake lilikuwa la kuchomea kuni, na tumbo hilo lilizungukwa na koti la maji. Maji yakipata moto yalikwenda katika tangi kubwa la lita 1,500 lililofungwa vizuri lisipoteze joto, na kutoka katika tangi pampu ndogo iliyasukuma polepole katika mabomba hadi kwenye vibati vya chuma vilivyofungwa ukutani katika kila chumba. Nje kulikuwa na nyuzi 28 chini ya sifuri, theluji imefika kwenye vizingiti vya madirisha, na ndani mtu alikaa na shati la mikono mifupi. Nilidhani moto ule ungewaka mchana na usiku. Haukuwa hivyo. Tuliuwasha mara moja kwa siku, au mara mbili katika baridi kali, ukawaka kwa nguvu zake zote kwa saa chache, kisha ukazimika wenyewe. Kilichotupasha joto usiku kilikuwa maji yaliyokwisha kupokea moto huo.

Mama mwenye nyumba alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kustaafu, na alinifanyisha hesabu hiyo mezani. Kilo moja ya kuni kavu hubeba nishati ya takriban uniti 4 za umeme, uniti zile zile tunazonunua kwenye luku. Kuyapandisha maji lita 1,500 kutoka nyuzi 40 hadi 80 kunahitaji uniti kama 70. Kwa hiyo, ukijumlisha joto linalopotea na moshi, tangi lile lilijaa kwa kilo ishirini na kitu za kuni za mbetula, yaani ule mti wenye gome jeupe ambao ndio kuni inayopendwa kuliko zote kule. Lakini ukichukua kuni iliyokatwa jana, nusu ya uzito wake ni maji, na moto hulazimika kwanza kuyachemsha maji hayo na kuyafukuza kama mvuke kabla haujakupa chochote, hivyo kilo ile ile hukupa uniti 2 na kidogo tu. Unabeba mzigo uleule, lakini nusu yake ni maji yasiyokuwa na faida kwa mtu, na sehemu ya moto wako umeiacha iyachemshe.

Hasara ya kuni mbichi haiishii kwenye joto. Sehemu kubwa ya ukuni, kiasi cha robo tatu ya uzito wake na zaidi ukiwa mkavu, hugeuka gesi unapopata moto, na miali tunayoiona ni gesi hiyo inayowaka juu ya ukuni. Gesi hiyo ikikosa joto la kutosha au ikikosa hewa, haiwaki. Hutoka kama moshi, na moshi ukigusa ukuta uliopoa wa dohani, yaani bomba la kutolea moshi juu ya paa, huganda na kuwa kitu cheusi kinachonata kama lami, ambacho kule hukiogopa kwa sababu kikijazana kinaweza kushika moto ndani ya dohani yenyewe na kuiteketeza nyumba. Ndiyo maana sheria yao inataka dohani ya nyumba inayokaliwa isafishwe kila mwaka na fundi mwenye sifa. Fundi wetu alikuja na mavazi meusi, akapanda juu ya paa lenye theluji, akateremsha brashi yenye uzito mwishoni mwa kamba, na kabla ya kuondoka alimulika tochi ndani ya tanuri, akatazama rangi ya masizi na kusema kwamba tunachoma vizuri. Nilifurahi kama mtu aliyefaulu mtihani.

Basi kazi yote ilikuwa katika kukausha. Miti ilikatwa wakati wa baridi, ikapasuliwa kabla ya Mei, ikapangwa juu ya magogo ili isiguse ardhi, kifuniko kikiwa juu tu na pande zikiwa wazi kwa upepo na jua la kiangazi chao kifupi. Na hata hapo, kuni iliyokauka kiangazi hicho ilingoja majira ya baridi ya mwaka uliofuata. Mama yule alinifundisha kugonganisha vipande viwili: kikavu hulia kwa sauti kali na wazi, kibichi hutoa sauti iliyofifia kama ya kugonga ndizi. Njia nyingine ilinishangaza zaidi. Alipaka sabuni ya vyombo kwenye ncha moja ya kipande cha mbetula, akaweka mdomo kwenye ncha nyingine akapuliza, na mapovu yakatokea. Njia ndogo za maji ndani ya mti zilikuwa zimekauka na kufunguka, na pumzi ya mwanadamu ilipita ndani ya ukuni kutoka mwisho hadi mwisho. Nilikuwa nimesoma mishipa hiyo darasani kwa hadubini kwa muhula mzima, lakini nadhani niliielewa siku ile.

Jikoni, mbali na tanuri la chini, kulikuwa na jiko kubwa la matofali lililovikwa mawe laini ya kijivu yanayochimbwa katika jimbo hilohilo, huko Juuka, mawe yanayopokea joto upesi na kuliachia polepole. Jiko hilo lilikuwa na kilango cha chuma katika njia ya moshi, ambacho hufungwa moto ukiisha ili joto lisitoroke juu. Kuhusu kilango hicho mama yule alikuwa mkali kupita kiasi. Nilipotaka kukifunga mara ya kwanza alinishika mkono, akanionyesha miali midogo ya buluu iliyokuwa ikicheza juu ya makaa, akasema, "Hiyo ndiyo inayoua." Miali ya buluu ni kaboni monoksidi inayowaka. Hewa hiyo huzaliwa ndani ya makaa kila mara. Ikikuta hewa safi na joto juu yake huungua na kuisha, lakini ukifunga njia mapema, au makaa yakiwa hayana miali juu yake, hutoka ilivyo na kuingia chumbani. Haina harufu wala rangi, haiwashi macho. Katika damu hung'ang'ania chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu hukosa hewa huku anapumua. Katika utoto wake, alisema, kila nyumba ilimjua mtu aliyefunga kilango mapema kwa kuwa alitaka kuokoa joto. Siku hizi vilango hivyo huachwa na tundu ili visizibe kabisa.

Nilisimama mbele ya jiko lile nikamwona bibi yangu akishindwa kusimama. Jiko la mkaa tunaloliamini kwa sababu halina moshi ni makaa matupu yasiyo na miali wala dohani. Usiku ule nilimpigia mama simu, na kwa kuwa hakupenda kunielewa kwa njia ya simu, nilimwomba mjomba, ambaye kwetu Wamakonde, kwa kuwa ni ndugu wa mama, neno lake halipuuzwi, aende nyumbani kesho yake akalitoe jiko lile chumbani kwa amri. Alikwenda. Lakini bibi alimuuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake: "Sawa, baba, umelitoa. Na baridi je, umeitoa?"

Jibu la swali hilo lilinichukua miaka miwili baada ya kurudi. Kuwaletea tanuri la chuma na pampu na tangi ingekuwa upumbavu. Nyumba yetu inataka kuongezewa nyuzi tano au sita kwa saa chache za usiku, kwa miezi miwili au mitatu ya mwaka. Tulichokihitaji tulikuwa nacho tayari, tukikiacha kiende bure. Kila jioni mama hupika ugali na kunde au kisamvu kwa saa moja na nusu, na katika jiko la mafiga matatu sehemu kubwa ya joto la moto ule huishia hewani pamoja na moshi. Nilitaka joto hilo lipitishwe kwanza kitandani kwa bibi.

Fundi mwashi wa mtaani, kijana mwenye subira kubwa, alinisikiliza, akachora ardhini kwa kijiti, akanisahihisha mahali pawili, akajenga. Jiko lina matundu mawili ya sufuria na mdomo mmoja wenye mlango wa bati nene. Moshi ukitoka chini ya sufuria ya pili hauendi juu moja kwa moja, bali hupita ukutani kuingia chumba cha bibi, ndani ya kibaraza cha matofali ya kuchoma kilichojengwa kandokando ya ukuta, hukizunguka kwenda na kurudi, ndipo hupanda dohani. Kibaraza kina matofali 240, ambayo kwa uzito ni kama kilo 600. Kukipandisha kwa nyuzi 25 kunahitaji uniti 3 na nusu, yaani joto lililomo katika chini ya kilo moja ya kuni kavu. Mama hakuongeza hata ukuni mmoja. Bibi hukaa juu ya kibaraza kuanzia saa moja jioni, hutandika mkeka, na hadi alfajiri matofali bado yana uvuguvugu.

Haikwenda hivyo tangu mwanzo, na makosa yalikuwa yangu zaidi kuliko ya fundi. Kwanza nilikuwa na haraka ya kumwonyesha bibi, nikawasha moto mkubwa siku ya nne, udongo wa kichuguu ukiwa haujakauka ndani, na mvuke ukapasua ukuta wa jiko nyufa tatu ambazo moshi ulipita. Tulibomoa upande mmoja, tukajenga upya, na safari hii tuliwasha vijiti vichache tu kila siku kwa wiki tatu. Pili, dohani ilikuwa fupi. Ilikomea chini ya kilele cha paa, na kusi ilipovuma upepo uliruka juu ya kilele na kushuka ndani ya dohani, ukaurudisha moshi wote chumbani, yaani mahali palepale nilipoapa kwamba hautaingia. Tuliinua hadi ikapita kilele kwa zaidi ya nusu mita, na hali ikatulia. Tatu ni kuni. Mwaka wa kwanza mama alichoma alizokuwa nazo, na katika kiungo cha chini cha dohani kilitoka kimiminika cheusi kinachonuka, kikashuka ukutani mpaka sakafuni. Nilikitambua papo hapo.

Hapa Mungu ametupangia vizuri kuliko watu wa Karelia. Mikorosho hupogolewa baada ya mavuno, kabla haijachipua upya, na mara matawi yanapoanguka mvua nazo hukata. Kuanzia Juni hadi Novemba kuna jua na upepo mkavu ambao kule wangeulipia. Matawi yanayochomwa moto shambani ili yasizuie njia ya kupulizia salfa ni kuni ya mwaka mzima. Sisi sasa tunayakata kwa urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, tunayapasua yaliyozidi unene wa kifundo cha mkono, na kuyapanga chini ya banda la bati lisilo na kuta. Yaliyokatwa mwaka huu hayaguswi mpaka kipupwe cha mwakani. Mkorosho huungua upesi kuliko kuni nzito za msituni, na kwa jiko la matofali hiyo ni sifa njema, kwa sababu moto mfupi wenye nguvu ndio hasa unaotakiwa. Maganda ya korosho ni jambo lingine. Yanawaka kwa ukali, na najua watu wanaoyasifu, lakini mafuta yake ndiyo yale yanayobabua ngozi ya wabanguaji, na moshi wake sitauruhusu karibu na mapafu ya mtu. Kuni za mwembe nazo, ambao ni ndugu wa mkorosho, tumeacha kuzitumia ndani, kwani moshi wake huwasha.

Mama alikubali upesi kukausha kuni. Kilichomchukua muda ni kuwasha moto kutoka juu. Tumezoea kuweka vijiti chini na magogo juu. Nilimwomba apange kuni nene chini, nyembamba juu, na kiberiti kiguse zile za juu, ili gesi inayotoka chini ilazimike kupita katika miali na kuungua. Alitazama kwa mashaka kwa dakika kumi, akatoka nje akaangalia dohani, akarudi. "Mbona haitoi kitu?" aliniuliza. Ilikuwa inatoa, lakini hewa iliyotetemeka tu, bila weusi.

Najua nchi yetu inaelekea kwingine, na ninakubaliana nako. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034, na mikoa yetu ndiyo yenye gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, na wengi wanaouvuta ni akina mama na watoto walio karibu na mafiga. Mama ana mtungi mdogo wa gesi, na chai ya asubuhi huichemsha hapo. Siku atakapoweza kupika kila kitu kwa gesi nitashangilia. Lakini mtungi haupashi joto magoti ya bibi, na kuni za mikorosho zitaendelea kuanguka kila mwaka. Maadamu zinachomwa, nataka zichomwe zikiwa kavu, kwa miali mikali, chini ya dohani ndefu.

Naomba pia wenye nyumba za nyasi au makuti wasijaribu kupitisha dohani katika paa la namna hiyo, maana cheche moja inatosha. Na anayejenga aache matundu ya kusafishia masizi katika kila kona ya njia ya moshi. Sisi tuliacha mawili, yanazibwa kwa tofali na udongo, na kila baada ya miezi mitatu mdogo wangu, yule yule aliyetapika usiku ule na ambaye sasa ni mrefu kuliko mimi, huyafungua na kukwangua. Majivu huwekwa kwenye debe lenye kifuniko, kwa kuwa kaa moja linaweza kubaki hai ndani yake kwa siku mbili.

Kuanzia Oktoba kibaraza kingekuwa adhabu. Kwa hiyo fundi aliweka bamba la chuma mahali njia ya moshi inapoingia ukutani. Likisukumwa upande mmoja moshi huzunguka kibaraza, likivutwa upande wa pili hupanda juu moja kwa moja na chumba hubaki baridi. Nililiona kwenye majiko ya kuokea ya kule Ufini, ambako hulitumia majira ya joto, na nilimweleza fundi kwa kuchora. Bamba la kwanza lilikuwa bati la debe, nalo limeliwa na moto katika mwaka mmoja. Wiki ijayo nashuka Mtwara mjini kutafuta kipande cha chuma kinene, cha milimita sita, na bibi ameniagiza nisikawie, kwa kuwa kwa sasa bamba limekwama upande wa baridi na kipupwe kimeanza.